Kucha nyeusi, soli inayomeguka: kiatu chako cha mlima kinaumwa nini?

Nakodisha na kuuza vifaa vya mlima Moshi. Viatu huondoka kwangu Jumatatu vikiwa vimepakwa mafuta na kurudi Jumamosi vikiwa vyeupe kwa vumbi, na karibu kila jozi hurudi na malalamiko yake. Anayelalamika huanza na mlima: mlima mkali, mlima una baridi, mlima una mawe. Nikimwambia avue soksi nione mguu, mara nyingi kosa naliona lilianzia dukani, tena dukani kwangu.

Watu hujaribu kiatu kwa kutembea hatua sita juu ya kigae, wakakanyagakanyaga, wakasema kipo sawa. Kipo sawa kweli, kwa kigae. Kwenye Kilimanjaro unapanda siku nne au tano polepole na kiatu kinanyamaza, unakisifia mpaka unakipiga picha. Kisha unatoka kambi ya Barafu usiku wa manane, alfajiri unafika kilele cha Uhuru, mita 5,895, na siku hiyohiyo unateremka hadi kambi ya Mweka iliyo kwenye mita 3,100 hivi. Mteremko wa karibu mita 2,800 kwa mchana mmoja, kipande cha juu kikiwa kokoto na mchanga wa volkano, kipande cha chini ngazi za mawe na mizizi. Wanaopita njia ya Marangu hulala kambi ya Horombo, nao wanateremka zaidi ya mita 2,000. Hapo ndipo kila kasoro ya kiatu inapojitokeza. Kwa hiyo mimi hushauri hivi: kiatu cha mlima kinunue kwa ajili ya kushuka. Kupanda kutajitengenezea kwenyewe.

Hizi hapa dalili ninazoletewa, kwa kadiri zinavyonisumbua, wala si kwa alfabeti.

Soli inaachia au inameguka safarini

Hii naiweka mbele kwa sababu ndiyo inayowashangaza watu kuliko zote, na kwa sababu iliwahi kuniaibisha. Miaka ile naanza nilipata kwenye belo la mitumba jozi ya buti za ngozi, nzito, za Kijerumani, hazina mkwaruzo. Meno ya soli yalikuwa makali kama yametoka kiwandani jana. Nikazificha kwa ajili ya mteja mzuri. Mteja akaja, akapanda nazo, na chini kidogo ya Stella Point, pale ukingoni mwa kreta, wakati wa kushuka soli ya mguu wa kulia ikabaki kwenye kokoto huku mguu ukiendelea na safari. Nusu saa baadaye wa kushoto ukafuata. Mwongozaji wake alizifunga kwa kamba ya hema, wakafika Barafu wakiburuta.

Chanzo hakikuwa gundi mbaya wala ufundi mbaya. Kati ya soli ya nje yenye meno na ngozi ya juu kuna soli ya kati, ile inayomeza mshindo. Kwenye buti nyingi nzuri soli hiyo ni ya poliyurethani. Poliyurethani ni laini, imara, hubeba mzigo vizuri, lakini ina adui mmoja: unyevu wa hewani, unaoivunjavunja taratibu kutoka ndani mwaka hadi mwaka. Haihitaji kuvaliwa ili izeeke. Watengenezaji wenyewe husema kiatu kilichofungiwa kabatini huharibika upesi kuliko kinachovaliwa, kwani mguu ukikanyaga husaidia kuusukuma unyevu nje. Muda wake huwa kama miaka 5 hadi 10 toka kiwandani, na ukikihifadhi Tanga au Dar es Salaam kwenye joto na unyevu usitegemee ule mwisho mrefu.

Sasa ona jinsi mtumba unavyotunasa. Mzungu ananunua buti za bei, anazivaa mara mbili, zinakaa stoo miaka minane, anazitoa sadaka, zinafungwa kwenye belo, zinavuka bahari, zinafika soko la Memorial au la Kiboroloni hapa Moshi. Kwa macho ni mpya. Kwa umri ni vikongwe.

"Dada, hizi hazijavaliwa hata siku moja, cheki soli."

"Ndiyo kinachonitia wasiwasi, kaka."

Wauzaji walishazoea kunicheka kwa hilo. Jozi iliyochakaa kiasi, yenye mikunjo ya kawaida puani na soli iliyolika robo, siku hizi naiamini kuliko ile inayong'aa.

Namna ya kuikagua. Kwanza tafuta kibandiko ndani ya ulimi wa kiatu. Mara nyingi karibu na namba ya kiatu pana mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Pili, bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba ubavuni mwa soli ya kati. Ikirudi kama mpira, vizuri. Ikibaki na alama, ikipasuka au ikitoa unga kama ganda la mkate mkavu, weka chini uende zako. Tatu, kikunje kiatu kwa nguvu mara ishirini pale vidole vinapokunjika, halafu angalia mstari ambapo soli inakutana na ngozi. Nyufa ndogondogo kama za tope lililokauka ndio mwanzo. Muuzaji akikuzuia kukunja, mshukuru, amekupa jibu.

Alama ya njano ya Vibram chini ya soli isikupumbaze. Vibram ni jina zuri, na historia yake ni ya huzuni: Vitale Bramani, Mwitaliano, alitengeneza soli ya mpira yenye meno mwaka 1937 baada ya wenzake sita kufa kwenye milima ya Alps mwaka 1935, viatu vyao vikiwa sehemu ya lawama. Lakini alama hiyo inahusu mpira wa chini tu. Nimeona soli ya Vibram nzima kabisa, inang'aa, imelala peke yake njiani.

Kuna soli za kati za aina nyingine, EVA, ile sponji nyepesi iliyo kwenye raba za kukimbilia. Hiyo haimeguki kwa unyevu. Yenyewe inakandamizika na kuwa ngumu kama ubao, basi kiatu kinabaki kizima ila magoti yako yanalipa. Kwa mtumba wa zamani ningechagua EVA iliyochoka kuliko poliyurethani iliyozeeka, kwa sababu moja tu: itakurudisha nyumbani.

Imekukuta tayari uko juu? Usipoteze muda na supa gluu. Inakauka ngumu na kupasuka hatua ya kumi. Zungusha mkanda mpana wa kijivu puani na katikati, kisha pitisha kamba nyembamba chini ya upinde wa mguu, mbele ya kisigino, ukaze juu ya kamba za kiatu. Fanya hivyo kwa viatu vyote viwili hata kama ni kimoja kilichoachia. Ni mapacha, walizaliwa siku moja, watakufa siku moja.

Ukirudi mjini, mpelekee fundi viatu, lakini mweleze. Akipaka gundi juu ya poliyurethani inayomeguka, amegundisha unga. Lazima akwangue yote mpaka afikie ngozi, apige msasa, aweke soli ya kati mpya, ashone na uzi wa nailoni pembeni. Buti zilizoshonwa kuzunguka soli zinakubali kazi hii. Zilizogundishwa tu hazilipi. Na asikuwekee tairi. Tairi ni zuri kwa katambuga na barabara ya vumbi, lakini kwenye jiwe lililolowa pale ukuta wa Barranco linateleza kama sabuni.

Kucha nyeusi, vidole vinagonga mbele

Dalili: kupanda hakuna shida, siku ya kushuka vidole vinaanza kuwaka moto, jioni ukucha wa kidole kikubwa umekuwa wa zambarau, baada ya wiki mbili unang'oka. Wagumu wengine, yaani wapagazi wetu, wamezoea hivyo, wanasema kucha za mlima ni za msimu. Si lazima ziwe hivyo.

Kila mtu hudhani kiatu ni kidogo. Wakati mwingine ndiyo. Lakini kwangu mimi nusu ya kucha nyeusi zimeletwa na viatu vikubwa. Mtu ameambiwa "mlimani unaongeza namba," akaongeza mbili, akavaa soksi mbili. Kwenye mteremko mguu unateleza mbele kama mzigo ndani ya gari lililofunga breki. Unagonga pua ya kiatu mara elfu kadhaa.

Ili ujue lako ni lipi, fanya majaribio matatu. Toa soli ya ndani uisimamie bila kiatu. Kuanzia ncha ya kidole kirefu hadi mwisho wa soli pabaki sentimeta moja hadi moja na nusu. Kisha vaa kiatu bila kufunga kamba, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse, na nyuma ya kisigino paingie kidole kimoja cha mkono. Viwili ni kikubwa mno. Mwisho, funga kamba kama utakavyofunga safarini, tafuta ngazi, au hata ubao uliolazwa kwa mshazari, ushuke kwa kukanyaga kwa nguvu. Piga pua ya kiatu ukutani mara tatu. Vidole vikigusa mbele dukani, kwenye mteremko wa Mweka vitalia.

Jaribu kiatu alasiri, si asubuhi. Mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na juu mlimani huvimba zaidi. Njoo na soksi utakazovaa.

Habari za namba: 42 ya Ulaya ni kama 8 ya Uingereza na 9 ya Marekani ya wanaume, lakini kila kiwanda kina 42 yake. Chora unyayo wako kwenye karatasi huku kisigino kimegusa ukuta, pima urefu kwa sentimeta, na mwambie muuzaji alinganishe kiatu na kipimo hicho. Pima miguu yote miwili. Mmoja huwa mrefu, na kiatu kinanunuliwa kwa ajili ya huo.

Kama kiatu ni kizuri na bado unagonga, kosa liko kwenye kamba. Watu hufunga kamba mara moja asubuhi na kusahau. Kwa kupanda, acha shingo ya kiatu ilegee kidogo ili kifundo kikunjike. Kabla ya kuanza kushuka, kaa chini, piga kisigino ardhini mpaka mguu urudi nyuma kabisa, kisha kaza kwenye mkunjo wa mguu: zungusha kamba mbili mara mbili badala ya moja pale juu ya ndoano ya kwanza, ikaze, ndipo uendelee juu. Mkunjo huo maradufu hauachii. Unamshikilia kisigino mahali pake, vidole vinabaki na nafasi. Najua kileleni vidole vya mikono vimeganda na kila mtu anataka kushuka haraka. Mwambie mwongozaji akufungie, hakuna aibu. Kata kucha siku tatu kabla ya safari, si usiku wa kuondoka.

Malengelenge

Lengelenge la kisiginoni linaletwa na kisigino kinachopanda na kushuka ndani ya kiatu, joto, na unyevu. Ukiondoa kimoja kati ya hivyo vitatu, umepona.

Kisigino kinachocheza ni habari ya kamba, nimeshaieleza. Unyevu ni habari ya soksi. Soksi za pamba zinakunywa jasho na kulihifadhi. Hizo ni za ofisini. Sufu, au mchanganyiko wa sufu na nailoni, ndizo za mlima. Kama huna uwezo wa sufu, soksi ndefu za mpira wa miguu za nailoni ni nafuu, zinakauka haraka na zinavaliwa vizuri chini ya soksi nene. Wagumu wengi wanafanya hivyo.

Kiatu kipya kabisa cha ngozi kinahitaji wiki mbili tatu za kuvaliwa mjini kabla ya safari. Nenda nacho sokoni, panda nacho daladala, nenda nacho kanisani au msikitini hadi mlangoni. Mteja aliyenunua buti uwanja wa ndege na kuzifungua getini Machame huwa namwombea tu.

Ukihisi mahali panachoma, simama hapohapo. Usisubiri kambi. Kausha, bandika plasta pana au mkanda laini bila mkunjo. Lengelenge likishatunga maji, usichune ngozi yake; ni bandeji uliyopewa bure.

Ganzi juu ya mguu, kubanwa pembeni

Hii ni tofauti na baridi, na watu huzichanganya. Kama ganzi iko juu ya mguu, na inapotea ukilegeza kamba, kamba inabana mshipa wa fahamu. Acha jozi moja ya matundu bila kuvusha kamba pale panapouma. Pitisha kamba wima kila upande, endelea kuvusha juu yake. Basi.

Kidole kidogo kikibanwa pembeni, hilo ni umbo. Miguu mingi ya huku imekulia kwenye kandambili na udongo, mbele imetanuka, na buti nyingi zinatengenezwa kwa miguu iliyofungwa viatuni tangu utoto. Kuongeza namba hakusaidii, kunakurudisha kwenye kucha nyeusi. Tafuta kiatu kipana. Kwa ninavyoziona mezani kwangu, za Kiitaliano huwa nyembamba kuliko za Kijerumani, ingawa mguu wako ndio wa kuamua. Buti ya ngozi tupu fundi anaweza kuitanua kwa kalibu ya mbao siku mbili. Yenye mpira uliozunguka pua, haitanuki.

Vidole vinaganda usiku wa kilele

Usiku wa kwenda Uhuru joto linaweza kushuka hasi 10 na zaidi, na upepo unaongeza makali. Jambo la kwanza ambalo mtu hufanya ni kuvaa soksi ya tatu. Kiatu kinabana, damu haifiki vidoleni, vidole vinazidi kuganda, anatamani ya nne.

Kipimo ni rahisi: ndani ya kiatu kilichofungwa, je, unaweza kuchezesha vidole vyote vitano? Huwezi, vua soksi moja. Hewa iliyo kati ya vidole ndiyo blanketi. Jozi moja nene ya sufu juu ya nyembamba kavu inatosha, na hiyo kavu uwe umeitunza kwa ajili ya usiku huo peke yake. Soksi ulizotembea nazo kutwa zina jasho hata kama zinaonekana kavu.

Sababu ya pili ni buti zilizolala nje. Zikilala barazani mwa hema huko Barafu, saa tano usiku unavaa mabarafu mawili. Ziweke ndani ya mfuko, ziingie hemani, ziwe miguuni pako. Sababu ya tatu ni soli nyembamba. Raba za kukimbilia zinapitisha baridi ya jiwe moja kwa moja. Nimeona wagumu wanapandisha mizigo na raba hadi kambi za juu. Si kwamba hawahisi. Hawana. Moshi kuna KPAP, mradi unaowaazima wapagazi nguo na vifaa vya mlima bila malipo, na anayejua mgumu asiye na buti amwelekeze huko kabla ya kuja kwangu.

Vidole vikiuma kwa baridi, ni salama bado. Vikiacha kuuma, vikawa vyeupe na havihisi, mwambie mwongozaji, mteremke. Usivisugue wala usivikaribishe kwenye moto.

Maji yanaingia

Tenganisha kwanza: maji yameingia kwa juu, yamepenya, au ni jasho lako mwenyewe? Msitu wa Machame wakati wa masika ni tope la kifundoni, na suruali iliyolowa inamwaga maji ndani ya soksi hata kama kiatu kingekuwa mtumbwi. Kwa hilo dawa ni gaita za kufunika shingo ya kiatu, ambazo juu huko zitakusaidia pia kuzuia kokoto. Kwenye mlima Meru, ambako majivu ya volkano yanakusubiri kuelekea kilele, mimi siruhusu mtu aondoke bila gaita.

Kama yanapenya, kagua kitambaa cha ndani kisiginoni. Viatu vya kuzuia maji vina utando mwembamba, Gore-Tex au wa namna hiyo, uliobandikwa nyuma ya kitambaa hicho. Kitambaa kikitoboka kwa kusuguliwa, utando umetoboka pia, na hakuna fundi wa kuurudisha. Kwenye mtumba hilo ndilo tundu la kwanza la kuingiza kidole. Jaribio kamili: weka karatasi laini ndani, simamisha kiatu kwenye beseni lenye maji yaliyofika juu ya soli tu, weka jiwe ndani kama mzigo, subiri dakika kumi na tano. Utaona karatasi imelowa wapi.

Ngozi ikiwa kavu na imepauka, ipake nta ya viatu vya ngozi. Mafuta ya kupikia hapana. Na usikaushe buti kwenye jiko la gesi la hema la jikoni, wala usiziegemeze juani siku nzima: ngozi inapasuka, gundi inayeyuka, na soli inakuwa mgonjwa wa sehemu ya kwanza. Jaza magazeti, badilisha magazeti, weka penye upepo na kivuli.

Kuna mahali ambapo ushauri wangu wote wa maji unashindwa. Kule Rwenzori, upande wa Uganda, kwenye vinamasi kama Bigo, watu hutembea na gambuti, na waongozaji wa huko watakuambia hivyo kabla hujauliza. Buti zinabebwa mgongoni zisubiri mawe na barafu ya kilele cha Margherita. Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru una kinamasi chake cha mteremko, mfupi zaidi; huko gaita na moyo mgumu vinatosha.

Unateleza, kifundo kinageuka

Geuza kiatu uangalie meno. Yakiwa chini ya milimita tatu, ni kiatu cha kwendea shamba. Yakiwa marefu lakini mpira umekuwa mgumu na unang'aa, umezeeka, utateleza kwenye jiwe lenye maji. Sugua mpira kwenye saruji: mpira mzima unang'ata, uliokufa unateleza na kuacha unga.

Kuhusu kifundo, shingo ndefu peke yake haizuii kugeuka. Kinachozuia ni soli isiyojipinda. Shika pua na kisigino, kamua kama unavyokamua nguo. Ikijinyonga kama kitambaa, kila jiwe litaamua mguu wako uelekee wapi. Kampuni ya Meindl ya Ujerumani hupanga viatu vyake kwa herufi, A kwa njia laini hadi D kwa barafu. Njia za kawaida za Kilimanjaro hazihitaji miba ya barafu, kwa hiyo A/B au B inakufaa.

Na hapa niseme neno juu ya buti za wawindaji, maana zinakuja kwenye belo na watu wananiuliza. Ni zile za kahawia au kijani, shingo ndefu ya sentimeta 20 na zaidi, mpira umezunguka chini kote, nzito. Zimetengenezwa kwa watu wanaofuata mbuzi wa porini kwenye milima ya Ulaya: hawapiti njia, wanakatiza ubavu wa mlima siku nzima, wakipata mnyama wanarudi na nyama mgongoni. Kwa sababu hiyo soli yake ni ngumu, mara nyingi B/C, na ubavu unauma jiwe. Mpandaji aliyebeba chupa ya maji na kamera hazimfai. Atachoka kabla ya Barranco. Mgumu mwenye kilo 20 anayekatiza kokoto kila wiki, yeye namwambia achukue kama soli ya kati ni nzima na kifundo kinakunjika vya kutosha. Mzigo wake unafanana na wa mwindaji kuliko wa mtalii. Azijaribu lakini kwa kushuka ngazi akiwa na gunia begani, kwa sababu ugumu wa soli usipobebeshwa uzito unageuka kuwa mateso ya kisigino.

Mengine madogo

Kiatu kinalia kwikwi kila hatua: toa soli ya ndani, nyunyiza poda ya mtoto, irudishe. Sauti ikiendelea kutoka chini, kagua soli. Huenda inaanza kuachia.

Kamba zinafunguka: ni za nailoni ya mviringo. Badilisha uweke bapa, na ubebe jozi ya ziada, inafanya kazi nyingine kumi hemani. Ndoano iliyolegea igongwe kabla ya safari, sio baada.

Harufu: toa soli za ndani kila jioni, zilaze peke yake. Na ukikodi kwangu, tafadhali rudisha soksi zako nyumbani. Nina ndoo nzima ya soksi zisizo na mwenyewe.